Fizio anajibu: miguu bado mizito na mechi nyingine iko mlangoni

Wadau habari zenu, ni mimi fizio wenu, mtaalamu wa mazoezi ya tiba. Maswali ya safari hii yamekuja mengi na karibu yote yanazunguka jambo moja tu, nikimaliza mechi au mazoezi nifanye nini mwili urudi haraka. Niseme mapema, wengi mnatafuta kitu cha kununua au cha kujipaka, na mimi kila nikijibu najikuta narudi kwenye usingizi, chakula, maji na kuhesabu masaa. Mtanivumilia. Majina yenu nimeyaficha kama mlivyoomba.

Fizio mambo. Nina miaka 27, kiungo wa kati, mechi zetu ni jumamosi jioni. Jumapili naamka niko freshi nasema aah leo nimepona, jumatatu sasa nashuka ngazi kinyumenyume. Jamaa yangu anasema ni laktiki asidi imeganda kwenye mapaja, dawa yake ni kukimbia kilomita 10 jumapili asubuhi kuitoa. Kweli?

Poa kaka. Huyo jamaa mwambie laktiki asidi ilishaondoka zamani, saa moja hivi baada ya filimbi ya mwisho damu inakuwa imerudi karibu na kawaida, na wala sio uchafu, moyo na misuli vinaichoma kupata nguvu. Kinachokuuma jumatatu ni kingine kabisa.

Kila ukifunga breki kwenye mbio, ukitua baada ya kuruka kichwa, ukigeuka ghafla kumfata mtu, msuli unavuta huku unarefushwa kwa nguvu, na hapo ndo nyuzi zake zinapata michubuko midogo midogo isiyoonekana kwa macho. Mwili unapeleka maji na seli za usafi kule ndani, panavimba kidogo, mishipa ya fahamu inakuwa na hasira, na shughuli yote hiyo haifanyiki kwa usiku mmoja, ndo maana maumivu yanapanda polepole na kilele chake ni kati ya masaa 24 na 72. Jumapili haukuwa umepona, yalikuwa bado hayajafika. Na kushuka ngazi kunauma kuliko kupanda kwasababu kushuka ndo kufunga breki kwenyewe, paja la mbele limebeba mwili wote huku linarefuka.

Sasa kilomita 10 za nini? Mchezaji wa ligi kubwa anakimbia kilomita 10 mpaka 13 kwenye mechi moja, hata kama wewe zako ni 8 bado umeshamaliza kazi ya wiki. Jumapili tembea, au endesha baiskeli, au ogelea, dakika 20 mpaka 30, kwa mwendo ambao unaweza kuongea na simu bila kuhema. Miguu italegea na utajisikia vizuri, ila usitegemee kwamba umekata siku za kupona, umepunguza ule ukakamavu tu, na hiyo nayo sio haba.

Shughuli yenyewe iko jumamosi usiku, pale wengi mnapokaa uwanjani masaa mawili mnabishana ofsaidi huku mna njaa. Misuli imemaliza akiba yake ya sukari, ile wanaiita glaikojeni, na kujaza tenki kunahitaji wanga. Mwenye mechi nyingine karibu anapiga gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya mwili wake kila saa kwa masaa 4 ya mwanzo, yaani mtu wa kilo 70 ni gramu 70, hapo ni kama sahani moja ya wali iliyojaa. Wewe unayecheza mara moja kwa wiki usijitese na hesabu, kula mlo kamili mapema na asubuhi kula tena. Protini iwepo, gramu 20 mpaka 25 kwa mlo, mayai matatu na glasi ya maziwa vinakufikisha. Maji nayo yana kipimo, panda mizani kabla na baada ya mechi ukiwa umevua jezi iliyolowa, kila kilo iliyopotea rudisha lita moja na robo mpaka moja na nusu, kidogokidogo kwa masaa kadhaa, pamoja na chakula chenye chumvi, maana ukigida maji matupu kwa mkupuo mengi yanaishia chooni. Na usizidishe sana kuliko ulichopoteza, kuna watu wamelazwa kwa kunywa maji kupita kiasi, chumvi ya damu ikashuka.

Halafu angalia hii, ukicheza kila wiki mfululizo maumivu yatapungua yenyewe, msuli unajifunza. Wanaoumia vibaya ni wale wanaorudi kutoka likizo na wale wa mechi moja kwa mwezi.

Bro mimi ni winga, nimetafuta pipa nalijaza maji na barafu, kila siku baada ya mazoezi naingia, hata siku za jimu, nakaa dakika 25 mpaka meno yanagongana. Mbona sioni kuongezeka nguvu?

Kwasababu ya pipa, inawezekana kabisa. Maji ya baridi yanapunguza maumivu baada ya mechi, hilo halina ubishi mkubwa, ila kipimo chake ni nyuzijoto 10 mpaka 15 kwa dakika 10 mpaka 15. Barafu zikiwa zinaelea tele umeshashuka chini ya hapo, na hizo dakika 10 za ziada unateseka bure.

Shida kubwa ni jimu. Ule uvimbe mdogo baada ya kubeba vyuma ndo ujumbe unaouambia mwili ujenge, ukiuzima kila siku na baridi ujumbe haufiki vizuri. Kuna utafiti ulitoka 2015, vijana walibeba vyuma wiki 12, waliokuwa wanaingia maji ya baridi wakaongeza msuli na nguvu kidogo kuliko wenzao waliopiga baiskeli taratibu baada ya zoezi. Hata yule daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, aliyeuza ule ushauri wa pumzika, weka barafu, funga, inua mwaka 1978, baadae aligeuka mwenyewe akaandika kwamba barafu inaweza kuchelewesha kupona. Kwahiyo pipa lako lisubiri wiki za mechi zilizobanana, pale unapotaka miguu ya kesho kutwa na sio msuli wa miezi mitatu ijayo. Siku ya vyuma kaoge maji ya kawaida ukale. Na usiingie peke yako hakuna mtu, na mwenye shida ya moyo au presha aulize daktari kwanza.

Habari mkuu. Mimi ni kepteni wa timu. Tunacheza jumatano usiku na jumamosi jioni, na kocha anaweka mazoezi ya nguvu alhamisi, ukisema umechoka unaitwa mvivu mbele za watu. Nimwambie nini?

Usimwambie mbele za watu, la kwanza hilo. Mfate pembeni na umpelekee namba, makocha wanaheshimu namba.

Mechi ya jumatano ikiisha saa tatu usiku na ya jumamosi ikaanza saa kumi jioni, katikati kuna masaa 67. Tenki la glaikojeni peke yake linaweza kuchukua masaa 48 mpaka 72 kujaa, na hapo ni kwa mtu anayekula vizuri, na nguvu ya nyuma ya paja na kasi ya mbio fupi kwa wengi inarudi karibu na masaa 72. Kwahiyo hata mkilala tu siku zote mbili mnaingia uwanjani mkiwa mmekaribia kupona, hamjapona. Sasa alhamisi akiwakimbiza anachukua kwenye hayohayo masaa 67.

Mpe na hii. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliofatilia timu moja ya juu kwa misimu miwili, wiki za mechi mbili majeraha yalikuwa 25.6 kwa kila masaa 1000 ya kucheza na kufanya mazoezi, wiki za mechi moja yalikuwa 4.1. Zaidi ya mara sita! Na kitu ambacho mimi kilinishtua, kilomita walizokimbia na mbio zao za kasi hazikubadilika sana. Yaani kocha akiwa pale kwenye mstari anaona kijana anakimbia vilevile, anasema si nilisema ni uvivu, halafu dakika ya 70 kijana anashika nyuma ya paja anakaa chini.

Cha kumwomba sio alhamisi kufutwa. Mwombe igawanywe. Waliocheza zaidi ya dakika 60 wajongee kidogo, wachuliwe kama kuna mchuaji, waende kula. Waliokaa benchi na sabu za dakika 10 hao ndo wakimbizwe kisawasawa, maana nao wasipokimbia wanapoteza pumzi na siku wakihitajika wanachanika wao. Ijumaa zoezi fupi la kasi, kona na faulo, basi. Na kila asubuhi kila mtu aandike namba 1 mpaka 10, nimelala vipi, miguu inauma kiasi gani, nina mudi ya kucheza au sina. Haina gharama, na wiki mbili tu kocha ataanza kuona namba zinashuka kabla mtu hajaumia.

Kuhusu nyuma ya paja, takwimu za UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, kwa vilabu vikubwa zinasema majeraha ya hapo yalikuwa asilimia 12 ya majeraha yote msimu wa 2001/02, msimu wa 2021/22 yakafika 24. Lile zoezi la Nordiki, unapiga magoti mwenzako anakushika miguu unashuka mbele taratibu mpaka unashindwa, tafiti zimeonesha linapunguza haya majeraha kama nusu. Lifanyeni, ila mliweke mbali na mechi, sio siku moja kabla, linaacha maumivu na lenyewe.

Fizio, strechi baada ya mechi zinasaidia kuzuia maumivu ya kesho?

Karibu hamna. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonesha tofauti ni ndogo mno hata hauihisi. Kama unapenda unavyojisikia nyoosha tu, dakika tano haidhuru, ila usivute msuli uliovimba kwa hasira ukidhani unautibu. Kuchuliwa kunasaidia zaidi kidogo kwenye maumivu na uchovu.

Shikamoo dokta. Mimi ni straika, enka ya kulia inanisumbua toka msimu uliopita. Kabla ya mechi nameza diklofenaki mbili nacheza safi tu, ikiisha inavimba. Sasa kuna mtu kanipa tramadoli kaniambia ndo wanazotumia maprofeshno.

Marahaba, ila mimi ni fizio sio daktari, nikuweke sawa. Na hiyo tramadoli irudishe leo. Ni dawa ya jamii ya afyuni, inazoeleka mwili ukaidai, inaleta kizunguzungu, na kuanzia tarehe 1 Januari 2024 imeingia kwenye orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, ya dawa zilizokatazwa wakati wa mashindano. Ukipimwa umekwisha, na aliyekupa hatakuwepo.

Hiyo ya kumeza kabla ya mechi haujaianzisha wewe. Kombe la Dunia 2010 kule Afrika Kusini madaktari wa FIFA walikusanya ripoti za timu wakakuta zaidi ya theluthi ya wachezaji walipewa dawa za maumivu kabla ya kila mechi, ila kuwa wengi hakuifanyi iwe salama. Diklofenaki na ibuprofeni zinachubua tumbo mpaka linaweza kutoa damu, na zinabana damu inayoenda kwenye figo. Sasa fikiria umemeza, halafu unatoka jasho lita mbili, figo zinapata shida mara mbili kwa wakati mmoja.

Turudi kwenye enka. Inavimba kila ukimaliza, miezi yote hiyo, maana yake kuna kitu hakikumalizwa. Jipime sasahivi, simama kwa mguu mmoja pekupeku, fumba macho, hesabu mpaka 30. Kushoto halafu kulia. Halafu panda kwa vidole mguu mmojammoja mpaka uchoke, linganisha idadi. Halafu rukaruka mguu mmoja. Nina hakika ya kutosha kwamba kulia utayumba mapema, kwasababu watu wengi wakiteguka enka wanangoja uvimbe ushuke wanarudi uwanjani, ile kazi ya kuirudishia balansi na nguvu hawaifanyi. Nenda ukaonwe na daktari aangalie ligamenti na gegedu, ukitoka hapo fizio akupe wiki kadhaa za mazoezi, na msimu huu vaa kishikizo cha enka au fungwa tepu. Maumivu ukiyanyamazisha unacheza bila kujua mguu unasemaje.

Naomba msaada. Mwanangu ana miaka 12, anacheza timu ya shule na akademi. Akitoka mazoezini anachechemea kashika visigino, asubuhi anatembea kwa vidole. Kocha anasema atazoea.

Pole mama. Kwa umri huo na hayo maelezo, kinachokuja kwanza kichwani ni kisigino cha ukuaji, madaktari wanaita Sever. Nyuma ya kisigino kuna sehemu laini ambayo mfupa unakulia, na ule mshipa mnene wa nyuma ya mguu umejishika hapohapo unavuta kila akikimbia au kuruka. Akirefuka haraka mfupa unatangulia na msuli unabaki nyuma, unavuta zaidi. Ni kawaida sana kati ya miaka 8 na 14, haimwachii kilema, na sehemu hiyo ikishakuwa mfupa kamili inaisha. Ila hatazoea kwa kukimbizwa, hapo kocha kakosea.

Punguza mzigo. Timu mbili ndo tatizo lenyewe, makocha wawili na kila mmoja anadhani yuko peke yake. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba masaa ya michezo kwa wiki yasizidi umri wa mtoto, wake ni 12, mechi zikiwemo, na walau siku moja nzima bila mpira. Siku anachechemea hachezi. Siku haumwi acheze, usimfungie ndani. Weka pedi laini za kisigino kwenye viatu vyake, vya shule pia, barafu iliyofungwa kwenye taulo dakika 10 ikimuuma ni sawa, na alale, umri wake unataka masaa 9 mpaka 12. Dawa ya maumivu ili akacheze, hapana kabisa mama. Na kama maumivu yanamwamsha usiku, au panavimba na kuwa pekundu, ana homa, au ghafla hawezi kukanyaga, usisubiri, mpeleke hospitali.

Mimi kipa. Mechi zetu zinaisha saa nne usiku, kitandani nakodoa macho mpaka saa tisa. Huwa napiga enaji drinki hafutaimu nisilegee. Nifanyeje nilale?

Umeshajijibu kaka. Kafeini inachukua kama masaa 5 kupungua nusu tu, kwahiyo uliyokunywa saa tatu usiku, saa nane nusu yake bado inazunguka. Kipa tena, ambaye haukimbii hivyo! Kama ni lazima, iwe kabla ya mechi na kidogo, na mechi za usiku achana nayo.

Ila hata bila hiyo mechi ya usiku inamwacha mtu macho, mwili wa moto, taa zile za uwanja, na wewe kipa una lile goli lililopita katikati ya miguu linajirudia kichwani kila ukifumba macho. Oga maji ya uvuguvugu, kula, chumba kiwe giza na kipoe, na usianze kuangalia klipu za mechi kitandani wala kusoma komenti za watu. Kinachokusumbua kiandike kwenye karatasi, utakijadili na kocha wa makipa. Saa saba ikifika bado, usigombane na kitanda, amka ukae sehemu yenye taa hafifu mpaka usingizi uje. Kesho yake lala mchana dakika 20 mpaka 30, kabla ya saa tisa alasiri, ukipitiliza usiku tena utakodoa. Usiku mmoja mbaya hauvunji mtu, angalia wiki nzima inakupa wastani gani, chini ya masaa 7 una kazi ya kufanya.

Nilikaa nje miezi 8, siku ya kwanza kurudi tukapigishwa skwati na kurukaruka mpaka basi. Leo siku ya pili mapaja yamevimba magumu kama ubao, siwezi kuchuchumaa, na mkojo umekuwa rangi ya soda nyeusi. Ninywe maji mengi?

Huyu nilimjibu siku ileile bila kungoja gazeti, nikamwambia aende hospitali sasahivi. Naiweka hapa kwa ajili yenu wengine. Msuli ukichakazwa kupita kiasi seli zake zinapasuka, zinamwaga vitu kwenye damu ambavyo figo zinashindwa kuchuja, na mkojo wa rangi hiyo ndo alama yake. Maji ya chupa hayatoshi, anatakiwa apimwe damu na pengine atundikiwe dripu. Inawapata hasa waliokaa muda mrefu halafu wakarudi kwa fujo, na makocha wanaotoa skwati kama adhabu wasikie.

Mengine ya kukimbilia hospitali: kigimbi kimoja kimevimba, cha moto na kinauma bila kuumizwa, inaweza kuwa damu imeganda. Umesikia kitu kimelia pwaa nyuma ya kisigino au ndani ya goti. Umegongwa kichwa ukapoteza kumbukumbu hata kidogo, hapo unatoka uwanjani na haurudi siku hiyo, hata kama umebakiza penati ya ushindi.

Fizio, bia moja baada ya mechi inaharibu?

Moja, ukiwa umeshakula na umeshakunywa maji, sina ugomvi nayo. Utafiti wa 2014 uliopima watu walionyweshwa pombe nyingi baada ya zoezi ulikuta ujenzi wa msuli unashuka kwa asilimia 24 hata walipopewa protini, na 37 waliopewa wanga bila protini. Hao walikunywa za usiku mzima lakini. Kwahiyo kula kwanza, na ukiwa na jeraha bichi siku hiyo acha kabisa, pombe inazidisha kuvimba na unaweza kukanyaga mguu ulioumia bila kuhisi.